Mizani ya Mjomba

Mpaka wa Horohoro ulipofungwa mwaka 1977 nilikuwa darasa la tatu, na sikujua kwamba spea za baba zilitoka Mombasa. Nilichojua ni kwamba kila baada ya wiki kadhaa baba alipanda basi la alfajiri, akarudi kesho yake usiku na kikapu cha ukindu chenye harufu mbili, ya haluwa na ya karatasi ya mafuta. Haluwa ilikuwa yetu. Karatasi ilifungiwa beringi, ringi za pistoni na nozeli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, kikapu kikatundikwa jikoni, mama akaanza kuwekea vitunguu.

Baba alikuwa fundi wa malori ya diseli. Ufundi hakuusomea chuoni. Aliingia karakana ya shamba moja la mkonge upande wa Muheza akiwa kijana wa kufagia vumbi la chuma chini ya mashine ya kukereza, akatoka miaka kumi na kitu baadaye akiwa yeye ndiye anayekereza mihimili ya korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Katikati ya miaka ya 1960 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na karakana za mashamba zilikuwa na mashine ambazo mjini huzioni. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, karakana zikapunguza watu. Baba akahamia Makorora, akaanza kutengeneza magari nyumbani. Kibao hakuweka. Siku hizi wangeiita gereji bubu, ingawa ile yetu ilipiga kelele tangu alfajiri mpaka isha.

Lori lilisimama kiwanjani nyuma ya nyumba, injini ikaletwa uani chini ya mwembe. Kulikuwa na tawi moja nene ambalo lilibeba cheni bloku miaka mingi hata gome lake likalainika kama mkono wa kiti, na upande ule mwembe haukuzaa tena. Zilikuja Bedford TK, Leyland, Fiat 682, malori ya machungwa ya Muheza, ya mbao za Usambara, ya nazi za Pangani. Yote yalikuwa yamechoka, na baada ya mpaka kufungwa yakaja mengine yaliyochoka zaidi. Vikafuata vita vya Kagera mwishoni mwa 1978, kisha ile miezi 18 ya kufunga mkanda ambayo haikuisha kwa miezi 18.

Hapo ndipo vifaa vya baba vilipoanza kuzaliwa, na vilizaliwa kwa utaratibu ambao nimeuelewa ukubwani: ugonjwa kwanza, kifaa baadaye. Likija lori lenye kitu kisichong'oka, baba alikizunguka kitu hicho siku nzima, akanywa kahawa, akakipima kwa vidole na kwa uzi, kisha akaenda kwenye rundo la vyuma pembeni ya choo kutafuta kipande kitakachokuwa mfano wake. Na rundo lile lilikuwa malori yaliyokufa. Shafti ya difu iliyokatika iligeuka mtaimbo. Jani la springi lilikatwa likanolewa likawa patasi. Beringi ikifa, ringi yake ya nje ilisagwa kidogo pembeni, ikawa ndiyo ya kugongea beringi mpya ya saizi ileile, kwa sababu inakaa sawasawa na nyundo haigusi ile mpya. Fuawe yetu ilikuwa kipande cha reli. Tanga ina reli tangu Wajerumani walipoanza kuijenga mwaka 1893, na sijawahi kuona fundi wa mji huu aliyekosa kipande chake. Sikuwahi pia kusikia yeyote akieleza alikipataje.

Cha kung'olea slivu, yaani yale mapipa ya chuma yanayovaa ndani ya bloku ambamo pistoni hupanda na kushuka, kilikuwa na sehemu tatu: kisahani kilichokerezwa kikaingia chini ya slivu bila kugusa kuta za bloku, msumari mrefu wenye njia za nati, na boriti fupi nzito ya kulalia juu. Ukikaza nati, slivu inapanda yenyewe ikilia. Boriti hiyo baba aliipiga alama yake, mikato mitatu ya tupa, kama alivyovipiga vifaa vyake vyote.

Lakini kifaa ninachokikumbuka kuliko vyote hakikutengenezwa na baba. Kilikuwa mizani ya samaki.

Bolti za hedi ya injini zinatakiwa kukazwa kwa nguvu sawa, kwa mpangilio, ukianzia katikati na kwenda nje kwa mzunguko. Ukikaza moja zaidi ya mwenzake, hedi inapinda, gasketi inaungua, maji yanaingia kwenye oili na oili inageuka rangi ya maziwa ya chai. Spana ya kupimia nguvu hiyo ilikuwepo karakana za mashamba, nyumbani kwetu haikuwepo, na kwenye maduka ya Tanga ya miaka ile kulikuwa na rafu na mwenye duka. Mafundi wengi walikaza kwa mkono na imani. Baba alikuwa na kitabu cha Bedford cha Kiingereza, mchwa wamekila jalada, chenye hesabu za kila bolti kwa ratili na futi.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa mchuuzi wa samaki ufukweni Deep Sea. Siku moja alikuja na mizani yake ya kuning'iniza, ile ya springi yenye ndoana. Baba akaitazama mpaka chai ikapoa. Kesho yake alitafuta bomba la maji, akalitia spana mwisho mmoja, na mita moja kamili kutoka katikati ya bolti akalitia mkato wa tupa. Ndoana ya mizani ikae hapo. Ukivuta mizani kwa pembe mraba mpaka isome 16, umekaza kilo 16 kwa mita moja, na kilo moja kwa mita ni sawa na ratili saba na nukta mbili kwa futi. Hesabu hiyo ya mwisho ilikuwa yangu. Kitabu kikisema 115, mimi nagawa kwa 7.2 kwa mkaa sakafuni na kusema, "Kumi na sita, baba." Sikupata kuona hesabu za shule kuwa kazi ngumu baada ya hapo, maana zile hazikuharibu injini ya mtu.

Kabla ya kuitumia, baba aliijaribu mizani kwa mfuko wa saruji wa kilo 50. Ikasoma 53.

Alirudia. Hamsini na tatu. Mjomba alikuwa amekaa palepale juu ya tairi.

"Springi imechoka, shemeji," akasema.

"Naam, imechoka," baba akajibu, "na imechokea upande wako." Wakacheka wote wawili, mama peke yake hakucheka. Tangu usiku huo, kila panapotakiwa 16 tulivuta mpaka 17.

Nasema usiku kwa sababu mizani ilikuwa huru usiku tu. Mjomba alihitaji kuwa nayo ufukweni kabla ngalawa hazijaingia, kwa hiyo hedi zote za nyumbani kwetu zilikazwa baada ya isha, mimi nikishika kurunzi, mizani ikinuka samaki, na paka wa mtaa wamejipanga ukutani wakisubiri kitu ambacho hakikuja.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kuhesabu matone. Pampu ya diseli ya injini zile lazima ianze kusukuma mafuta kwenye silinda ya kwanza wakati pistoni iko mahali hasa panapotakiwa, vinginevyo lori linatoa moshi mweusi au linagonga kama mtu anayepiga mlango. Baba alitoa valvu ndogo ya juu ya pampu, akafunga badala yake kijibomba alichokikunja kutoka bomba la zamani la nozeli, tukakiita shingo ya bata. Mafuta yakatiririka mdomoni mwa bata. Yeye alizungusha injini polepole kwa mtaimbo, mchirizi ukawa matone, na mimi nikahesabu: moja, mbili, tatu, kimya. Kimya hicho ndicho alichokitafuta. Akatazama alama kwenye flaiwili, akalegeza pampu, akaisogeza unywele, tukaanza tena. Nafasi za valvu tulipima kwa nyembe. Wembe mmoja wa kunyolea una unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Nyembe nne zikipita kwa kugusa, umepata milimita 0.4.

Mama naye alichangia bila kuulizwa. Beringi ya kuvalishwa kwenye shafti huchemshwa kwenye oili ili itanuke, na chombo cha kuchemshia kilichokuwa karibu kilikuwa karai lake la bagia. Baba aliliosha kwa majivu, akaapa kwamba halina kitu. Wateja wake wa magharibi hiyo walionja wakanyamaza, na mama hakuzungumza na baba mpaka Ijumaa.

Sitaki mtu asome haya akadhani naisifu dhiki. Kifaa cha kupimia nozeli baba alikitengeneza kwa kipande kimoja cha pampu iliyokufa na mkono mrefu wa jani la springi. Unabonyeza, na nozeli nzima inatoa ukungu na kulia kwa mtetemo, mbovu inakojoa. Nozeli zile hufunguka kwenye mgandamizo kama wa baa 200, mara mia na ushee ya upepo uliomo kwenye tairi dogo. Spanaboi wa baba, kijana mcheshi, aliweka kidole mbele ya ukungu ule kuonyesha ulivyo mwembamba. Hakutoka damu, ilionekana kama amechomwa na mwiba, akacheka akaendelea na kazi. Usiku mkono ulivimba mpaka kwenye kiwiko. Diseli ilikuwa imeingia ndani ya nyama, na kidole kile hakikurudi nyumbani kikiwa kizima. Kifaa kilichonunuliwa kingekuwa na kikombe cha kioo cha kuzuia. Chetu kikatiwa kopo la maziwa baada ya kidole.

Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, baba alifukia beringi mbili mpya chini ya banda la kuku. Beringi mbili! Novemba ya mwaka huohuo mpaka ukafunguliwa. Sikumbuki kama alikwenda Mombasa mara moja. Nakumbuka tu kwamba mama alitoa vitunguu kwenye kikapu. Mwaka uliofuata watu wakaruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao, ikafuata ruksa ya Mzee Mwinyi, na polepole maduka ya spea yakajaa mjini. Rundo la pembeni ya choo likaacha kukua. Miaka ya 1990 spanaboi wa kidole kifupi alifungua gereji yake na akanunua sanduku zima la soketi, jekundu, kila moja na kitanda chake. Alilileta nyumbani tulione. Baba alizitoa moja moja, akazirudisha moja moja, akasema, "Hizi zimekuja kabla hazijaitwa."

Bado kwa miaka kadhaa watu waliazima vifaa vyake. Baba hakuwa na daftari; aliandika ukutani uani kwa mkaa, mstari mmoja wa jina na mchoro mdogo wa kifaa kilichochukuliwa. Kikirudi, alifuta kwa kitambaa chenye maji. Ukuta ule ulikuwa mweusi hadi kimo cha mkono wake.

Lori lililommaliza lilikuja baada ya mwaka 2000, Scania lililotoka Ulaya mtumba, limekataa kuwaka likielekea Horohoro. Baba alifungua boneti akatafuta mahali pa shingo ya bata, hakupaona. Injini ilijipangia wakati wa kumwaga mafuta kwa umeme. Siku hizi zipo ambazo mafuta hukaa tayari kwenye bomba moja kwa mgandamizo wa baa 1,600 na zaidi, na bolti za hedi hukazwa kidogo kwa kilo kisha huzungushwa kwa pembe, nyuzi 90 na tena 90. Aliitwa kijana na kompyuta ya mapajani. Akachomeka waya, akasoma namba, akasema kihisi fulani kimekufa.

"Yaani lenyewe linasema linapoumwa?" baba akauliza.

"Ndiyo, mzee wangu."

"Basi sisi tulikuwa madaktari wa ng'ombe."

Alipofariki, ndugu walikuja kusafisha nyumba kwa ajili ya hitima, na kabla sijafika kutoka kazini walikuwa wamepaka ukuta wa uani chokaa. Ulipendeza. Vilivyobaki uani tuliwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo, nami nilibaki na shingo ya bata kwa kuwa ni nyepesi. Vilivyoazimwa vilibaki huko vilikokuwa.

Mwaka jana nilikwenda Sahare asubuhi kununua samaki. Ngalawa moja ilikuwa imevutwa mchangani, kamba ya nailoni ikitokea pembeni, na mwisho wa kamba kulikuwa na boriti fupi nzito iliyoota kutu na chaza. Niliinama nikaisugua kwa kiatu. Mikato mitatu.

"Hiyo nanga ya babu, dada," mvuvi akasema. "Nzito hiyo, haisogei hata kusi ikivuma."

Nilimwuliza changu bei gani. Mizani yake ilikuwa ya betri, yenye namba nyekundu. Ikasoma kilo mbili na gramu arobaini, nami nikalipa bila kupunguza kitu.