Rangi ya Waridi

Mwanafunzi huyo wa biokemia alikuwa amebakiza majuma matatu awasilishe tasnifu yake. Mbele yake palikuwa na sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Alitia dawa ya Griess, akangoja dakika kumi. Vishimo vya vielelezo, alivyovitayarisha kwa nitriti ya sodiamu, viliiva rangi ya waridi kwa ngazi, kutoka hafifu hadi iliyokolea. Vile vya utegili wa damu vilibaki karibu bila rangi.

Kishawishi kilimjia cha kuandika kwamba nitriki oksidi haikuonekana. Nani angemhoji?

Lakini gesi hiyo, ambayo hulegeza mishipa ya damu na ambayo uchunguzi wake uliwapatia Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel mwaka wa 1998, haidumu mwilini ila sekunde chache. Kipimwacho ni nyayo zake: nitriti na nitrati. Mbinu yenyewe ni kongwe. Peter Griess, Mjerumani aliyekuwa mwanakemia wa kiwanda cha bia huko Burton upon Trent, Uingereza, aliitangaza mwaka wa 1879. Bia na damu, nani angedhani! Sasa dawa ile huona nitriti tu, ilhali hemoglobini huigeuza sehemu kubwa ya gesi kuwa nitrati. Nyayo zilikuwamo, dawa ndiyo iliyokosa macho.

Hatua ya kimeng'enya kigeuzacho nitrati kuwa nitriti alikuwa ameiruka, kwani chupa ilikuwa moja, tena ya bei ghali. Siku ya pili aliifungua. Vishimo vikaiva. Spektrofotomita, ikisoma kwenye nanomita 540, ilimpa tarakimu za kuridhisha, isipokuwa sampuli mbili zilizokolea kupita kiasi. Daftari lilimjibu: wenyewe walikuwa wamekula mchicha usiku uliotangulia, na mboga hiyo ina nitrati tele.

Aliukumbuka utafiti uliomvuta katika mada hii, ule uliochapishwa mwaka wa 1996 kuhusu watoto wa Tanzania. Baada ya kuzingatia hali ya figo, watafiti walibaini kuwa kadiri malaria ilivyozidi ukali ndivyo nitriki oksidi ilivyopungua. Kosa dogo la chakula lingeweza kuuficha ukweli kama huo.

Hakuzifuta tarakimu zile mbili. Aliandika habari ya mchicha kando yake, kisha akawaomba wenyewe wajiepushe na mboga za majani kwa siku mbili, warudi kabla ya kufungua kinywa. Mmoja alirudi.