Kuutoa Mkate wa Kumimina Sufuriani

Kuupika mkate wa kumimina wengi wajua. Kuutoa sufuriani ukiwa mzima ni elimu nyingine, nami naona haijapata heshima yake.

Jirani yangu ni mama mjane apataye riziki kwa mikate hiyo, na binti yake ni mwanafunzi wangu wa darasa la tano. Wanunuzi hawaulizi utamu kwanza, hutazama umbo. Mkate mzima huenda kwenye sinia la wageni. Uliomeguka, ingawa ni mchele ule ule na tui lile lile, huuzwa vipande kwa watoto kwa bei ya kutupa. Basi, faida ya kazi ya usiku kucha imo katika dakika moja ya kuupindua.

Udhaifu wake watoka katika mchele. Unga wa ngano ukikandwa hufanya kitu kinachovutika kama ulimbo, nacho huushika mkate kama mishipa ishikavyo mwili. Mchele hauna kitu hicho. Hulowekwa, husagwa pamoja na tui zito, hutiwa hamira, sukari na iliki, huachwa uumuke, kisha hukorogewa ute wa yai. Kinachoushika ni wanga ulioiva na yai lililokaza tu. Ukiwa moto bado ni mlegevu, na mwenye haraka huuvunja kabla haujapata mifupa. Walakini kuchelewa nako kuna hasara: ukiachwa umefunikwa, mvuke hurudi kuwa maji, na sukari iliyo ukingoni hushika chuma kama gundi.

Wamarekani nao hutaabika vivyo hivyo kwa keki yao ya jibini laini na mayai. Wanacho chombo ambacho ukingo wake hufunguliwa kwa kibano, chini yake kikabaki. Hata hivyo hupitisha kisu chembamba ukingoni keki ingali na joto, maana ikipoa hujikunja, na ikiwa imeshikamana na chombo yaweza kupasuka juu. Kisha huilaza penye baridi usiku kucha, ndipo huifungua. Jirani yangu hana chombo cha kibano.

Mwezi uliopita aliagizwa mikate sita ya harusi, nami nilikwenda kwake kwa habari ya madaftari ya binti yake. Nilimwona akianza kazi ya kuutoa mkate kabla hajaumimina. Alipasha sufuria na mafuta hata yakawa moto sana, akayazungusha mpaka ukingoni, ndipo akamimina. Uji ulipogusa chuma ulilia, ukafanya ngozi papo hapo. Na ngozi hiyo ndiyo itakayoachana na chuma baadaye. Akafunika, akapalia makaa juu. Mkate ulipoiva aliuacha wazi hata sufuria ikashikika kwa mkono mtupu, akazungusha kisu, akageuza sufuria kidogo huku na huku akisikiliza. Mkate ulioachia hutembea ndani, na mkono huujua. Ndipo akafunika sinia juu, akapindua.

Mitano ilitoka. Wa sita uligoma.

“Mwalimu, usiutikise,” aliniambia, maana nilikuwa nimekwisha kunyosha mkono.

“Mama, nilete kijiko?” aliuliza binti.

“Kijiko ni cha kuulia, si cha kuutolea.”

Akairudisha sufuria juu ya makaa yaliyokuwa yakifa, kwa muda mfupi tu, ili mafuta yaliyoganda chini yayeyuke. Kisha akaiweka juu ya kitambaa kilicholowa maji. Tulikaa kimya. Ile fedha ya harusi ilikuwa imekwisha kutengwa kwa sare na viatu vya mtoto. Alipopindua, mkate ulishuka wote, ila kipande kama ukucha kilibaki ukingoni.

Hakuuficha ubavu ule. Aliuweka peke yake katika sinia, akamtuma binti awaambie wenye harusi kwamba mmoja una kovu. Waliuchukua kwa bei ile ile.