Akiondoka Kesho, Unabaki na Nini?



Hapa Loki hakuna mtu asiye na maoni. Kaa steji ya bodaboda dakika kumi tu. Mmoja atakwambia chanjo ya korona ilikuwa mpango wa kutumaliza. Mwingine atakwambia Waingereza walijifunga bao wenyewe na hiyo Brexit yao. Wa tatu, huyo hata hajashuka kwa pikipiki, anakuonyesha kwa simu jinsi Sh2,000 zitageuka kuwa Sh20,000 kwa wiki moja.

Watu hudhani hizo ni stori tatu. Mimi naona ni stori moja. Na kila nikisema hivyo lazima mtu aniulize: wewe uliacha chuo, Brexit unaijulia wapi? Sawa, niliacha chuo. Lakini nimekulia Lokichoggio, na mtu wa Loki hahitaji digrii kujua kinachotokea watu wa mbali wakibadilisha mipango yao.

Kwa wale mmezaliwa juzi, historia kwa kifupi. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulianzisha Operation Lifeline Sudan, na Loki ikawa kituo chake kikubwa. Chakula na dawa vilipakiwa kwa ndege hapa kupelekwa kusini mwa Sudan, kwenye vita. Msalaba Mwekundu wa kimataifa tayari ulikuwa umefungua hospitali ya Lopiding mwaka 1987 kutibu majeruhi. Wazazi wetu walipata kazi: udereva, upakiaji, ulinzi, upishi, kufua nguo. Ukiongea na wazee wa hapa, mtu anahesabu maisha yake kwa mashirika aliyofanyia.

Halafu Januari 9, 2005 mkataba wa amani wa Sudan ukatiwa sahihi Nairobi. Mashirika yakaanza kuhamia Juba. Mwaka 2006 hospitali ikakabidhiwa serikali yetu. Amani ya jirani, ambayo kila mtu alikuwa akiiombea, ilitupokonya kazi.

Na hakuna aliyetukosea hapo. Kazi yao ilikuwa Sudan. Sisi ndio tulidhani ni yetu milele. Waliobaki wamesimama ni wale walikuwa wamejenga kitu pembeni: duka, ufundi wa magari, karo ya mtoto. Na vile vitu vilivyobaki chini, hospitali na uwanja wa ndege, bado vinatusaidia mpaka leo.

Kwa hivyo mimi kila kitu nakipima na swali moja: huyu akiondoka kesho, mimi nabaki na nini?

Tuanze na chanjo. Mimi nilidungwa, na ningedungwa tena. Dawa yenyewe sina shida nayo. Shida yangu ni foleni na nani aliishika.

Machi 3, 2021, dozi zaidi ya milioni 1 za AstraZeneca zilifika Nairobi kupitia mpango wa COVAX. Zilikuwa zimetengenezwa India. Mwezi huohuo korona ikaanza kuwawakia Wahindi vibaya, na nchi yao ikazuia chanjo kutoka. Ungekuwa wewe, ungefanya hivyohivyo, ungewapa watu wako kwanza. Lakini huku Kenya watu waliodungwa mara ya kwanza wakaambiwa wangoje. Muda kati ya dozi mbili ukasongezwa kutoka wiki 8 hadi 12.

Aprili, Uingereza ikaiweka Kenya kwa orodha nyekundu ya wasafiri. Julai, Uingereza hiyohiyo ikaahidi kutupatia dozi 817,000. Septemba ikatutoa kwa orodha nyekundu, lakini cheti cha chanjo cha Kenya kikawa bado hakitambuliki kule hadi Oktoba. Fikiria hiyo vizuri. Dawa ileile, jina lilelile kwa chupa. Ukidungwa London wewe ni mtu salama, ukidungwa Lodwar ni kama hujadungwa. Na nyingine kati ya hizo dozi walizileta wao!

Wakati huo wote, hapa mtaani tulikuwa tunauliza, "Wametuwekea nini ndani?" Hilo swali lilitukalia sana hadi hatukuuliza lingine: kwani kwa nini tunangoja chupa kutoka kwa watu wengine?

Machi 2022 Moderna walitia sahihi na serikali kujenga kiwanda cha chanjo Kenya. Watu wakashangilia. Aprili 2024 wakasema wamesimamisha mpango, juu watu hawataki chanjo ya korona tena. Biashara ni biashara. Waliondoka, tukabaki na picha za siku ya sahihi.

Sasa cha kushangaza ni hiki. Mbuzi wetu wako mbele yetu. Ile sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo ilianza kusumbua Kenya mwaka 2006 ikitokea hapahapa Turkana, chanjo yake inatengenezwa Kenya na taasisi ya serikali, KEVEVAPI. Mwishoni mwa 2024 serikali iliposema inataka kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, uvumi ukaanza tena, ati ni mpango wa mabwenyenye wa ng'ambo. Kuuliza maswali ni haki yako, ni mifugo yako. Lakini kati ya chanjo zote tulizowahi kubishania, hiyo ndiyo tunayoweza kuitengeneza wenyewe. Serikali pia iliunda taasisi ya BioVax mwaka 2021 kwa ajili ya chanjo za watu. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize imefika wapi. Hilo ni swali la maana kuliko la Bill Gates.

Twende Uingereza. Juni 23, 2016 Waingereza walipiga kura kutoka Umoja wa Ulaya, karibu 52 kwa 48. Ukisikia hivyo unasema, sasa Loki inaingiaje?

Inaingia hivi. Maua ya Naivasha na mishiri yetu vilikuwa vinaingia Uingereza bila ushuru kwa sababu ya mipango ya Ulaya. Uingereza ikitoka, mpango unakufa. Uganda na Tanzania zilikuwa salama kwa sababu zinahesabiwa kati ya nchi maskini zaidi, na hizo hazitozwi. Kenya haimo kwa orodha hiyo, ingelipa. Ikabidi tukimbie kutafuta mkataba wetu. Ulitiwa sahihi London Desemba 8, 2020. Siku hiyohiyo, bibi wa miaka 90 mjini Coventry alikuwa mtu wa kwanza kudungwa chanjo ya korona katika kampeni yao. Sisi tulingoja hadi Machi.

Hayo ni maua na mishiri, si yetu huku. Kinachotufikia huku ni misaada. Uingereza ilikuwa inatoa asilimia 0.7 ya pato lake kwa misaada ya nje. Mwaka 2021 ikashusha hadi 0.5. Februari 2025 waziri mkuu wao, Keir Starmer, akatangaza itashuka hadi 0.3 kufikia 2027. Sitasema ni Brexit ilikata hiyo pesa moja kwa moja. Mara ya kwanza walisema korona imewaumiza, mara ya pili wakasema wanahitaji pesa za ulinzi. Lakini ni upepo uleule: kwetu kwanza. Na Januari 2025 Marekani nayo ikafunga mfereji wake, kwa kishindo kikubwa zaidi.

Muulize mtu wa Kakuma hiyo 2025 ilikuwaje. Mgao wa chakula ulipunguzwa hadi watu wakaandamana. Na hakuumia mkimbizi peke yake. Mama Mturkana anayeuza kuni na makaa pale kambini, mteja wake akikosa chakula, yeye pia analala njaa. Nyinyi wa Kakuma, hiyo ndiyo Loki ya 2005, ila sasa iko mlangoni kwenu.

Lakini kuna mfano mmoja mzuri ambao watu husahau. Pesa za HSNP, zile familia nyingi za Turkana hupata, zilianza karibu 2009 kwa pesa za Waingereza na Waaustralia. Baadaye serikali yetu ikaanza kuchangia, hadi ikaubeba mzigo yenyewe. Ni Sh5,400 kwa miezi miwili, si nyingi, na zikichelewa watu hulia. Ila tofauti ni hii: zikichelewa sai, unajua ni nani wa kupigia kelele. Mbunge wa kule London humpigii kura. Gavana wa Lodwar unampigia. Kaunti yetu hupata zaidi ya Sh12 bilioni kwa mwaka kutoka serikali kuu, kati ya migao mikubwa Kenya nzima. Ukiwa na hasira ya siasa, ipeleke mahali itafanya kazi.

Sasa pesa. Hapa naomba tusikizane, juu hapa ndipo vijana wanaumia.

Rafiki yangu, sitamtaja, aliuza mbuzi wanne wa mama yake akaweka pesa kwa programu fulani ya simu iliyojiita ya foreksi. Wiki ya kwanza alitoa kidogo, akatuonyesha, akatuita wajinga. Wiki ya tano programu haikufunguka. Mama yake hajui foreksi ni nini. Anajua alikuwa na mbuzi wanne.

Na hayuko peke yake. Mapema 2022 Wakenya wengi walilizwa na kitu kilichojiita Amazon Web Worker, ambacho hakikuhusiana na ile kampuni ya Amazon. Mwaka 2023 watu walipanga foleni KICC kupigwa picha za macho na Worldcoin kwa sarafu za karibu Sh7,000, hadi serikali ikasimamisha Agosti. Yaani mtu aliyekataa chanjo kwa sababu hajui ndani kuna nini, aliweza kuuza jicho lake bila kuuliza picha inaenda wapi.

Si kila uwekezaji ni wizi. Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma Sh5 mwaka 2008. Mwaka 2021 zilikaribia Sh45, mwishoni mwa 2023 zikawa chini ya Sh15. Aliyenunua kwa bei ya juu kwa mkopo alilia. Aliyenunua kwa pesa ambayo hakuihitaji kesho angeweza kungoja. Kampuni ilikuwa bado ipo.

Hata wazungu huumia. Mafuta yalipogunduliwa Ngamia 1 karibu na Lokichar mwaka 2012, kampuni ya Tullow ikawa gumzo. Desemba 9, 2019 hisa zake zilianguka zaidi ya asilimia 70 kwa siku moja kule London. Mwaka 2025 ikauza biashara yake ya Kenya kwa Gulf Energy. Fikiria mtu Uingereza aliyeweka akiba yake yote ya uzeeni humo. Mafuta yalikuwa ya kweli kabisa, na bado akapoteza.

Babu zetu walijua hii kitu bila soko la hisa. Mfugaji Mturkana haweki mali yake kwa mnyama mmoja. Ana mbuzi, ana kondoo, ana ngamia, ana punda, akiweza ana ng'ombe. Na wengine anawapa rafiki zake wa mbali wamtunzie, ndio ukame ama uvamizi ukipiga hapa, kule kubaki kitu. Haikuzuia kila hasara. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliwamaliza wengi kabisa. Lakini ni akili kuliko kuuza kundi lote kwa sababu ya picha ya kijana amesimama kando ya gari la kukodi.

Kwa hivyo mtu akikuletea dili, angalia kama jina lake liko kwa orodha ya CMA ya waliopewa leseni. Halafu jaribu kumweleza mama yako hiyo faida inatoka wapi. Ukishindwa kumweleza, hata wewe hujui. Mwisho, hesabu: hii pesa ikipotea yote leo usiku, kesho nyumbani watakula? Kuna mifuko ya akiba yenye leseni inayokubali kuanzia Sh100. Faida yake haiwezi kununua gari. Lakini utalala.

Nami najipima vilevile. Hii kazi yangu inakaa kwa simu, kwa kampuni za watu ambao hawajui Loki iko wapi. Wakiamua kesho kunifungia, hakuna mlango nitabisha. Ndio maana napiga picha za harusi, na sasa najifunza kufunga sola kwa fundi mmoja hapa mjini.

Sisemi tukatae msaada, ama chanjo, ama hisa. Chukua. Ila ukishachukua, tafuta kitu kimoja ambacho kitabaki mkononi mwako huyo akienda. Chako ni kipi? Watu wa Kakuma na Lodwar, nyinyi hasa nataka kuwasikia.