Kutoka Mabati Hadi Sauti

Babu aliwakuta Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Kanzu nyeupe, rozari shingoni, ndevu hadi kifuani. Alitusimulia kwamba mkubwa wa misioni alikuwa na kila kilichokosekana kijijini: dawa ya malaria, saruji, pikipiki, barua ya kumpeleka kijana seminari. Ulimwendea kofia mkononi. Lavigerie aliwaagiza watu wake wajifunze lugha ya wenyeji na kula chakula chao. Kiswahili walikijua barabara, babu alikiri, ila mwenye kutoa alikuwa mmoja na wenye kupokea ni sisi sote.

Mimi nimekua chini ya Monseigneur Faustin Ngabu, askofu aliyeongoza jimbo la Goma, mashariki mwa Kongo, toka 1974 hadi 2010. Alikuwa Mkongomani mwenzetu, lakini sisi tulibaki na mazoea ya babu. Siku ya kipaimara, askofu alipotutembelea, tulifagia njia toka alfajiri, mbuzi kafungwa chini ya mparachichi, junia la maharage kando yake. Baada ya misa mzee wa parokia alivaa miwani, akamsomea risala ya maombi yetu: mabati, jenereta, gari. Kila kitu kilichotajwa tulikipigia makofi.

Mwaka 2008 mazoea hayo yalikatika. Tarehe 4 na 5 Novemba, watu wasiopungua 150 waliuawa hapa kwetu Kiwanja, wilayani Rutshuru, kambi ya MONUC, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, ikiwa jirani kabisa. Tuliokuwa tunazika tulihitaji mtu wa kuyasema yaliyotupata kule ambako sisi hatusikilizwi.

Tangu 2019 askofu wetu ni Willy Ngumbi, naye ni wa shirika lile lile la Mapadri Weupe. Januari 2025, vita vilipofika Goma, alitangaza wazi kwamba mabomu yameangukia hospitali ya Charité Maternelle na watoto wachanga wamekufa. Sisi wa Kiwanja tulikuwa chini ya waasi wa M23 tangu Oktoba 2022. Jirani yangu muuza ndizi alisikiliza habari ile hadi mwisho, akasema, "Huyu amesema na yetu."

Risala nayo si ile tena. Inaanza na mashamba yasiyofikika na vijana waliochukuliwa. Vifaa vya kanisa tunachangishana katika jumuiya, kila nyumba kwa kadiri ya mavuno yake. Kwa askofu tunadai kitu kimoja: asinyamaze.