Mkurugenzi wa Hisa Moja

Nilipoingia kazini Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1990, uwakala wa forodha ulikuwa kazi ya miguu na wino. Fomu C63 ilipigwa taipu, ikakaguliwa, ikakataliwa kwa kosa la herufi moja, ikarudiwa upya, huku madereva wa malori ya Mombasa wakijilaza kwenye mikeka chini ya matrela. Kampuni zilikuwa nyingi, na baadhi zilikuwa chumba kimoja tu chenye meza, kabati la chuma na simu iliyotiwa kufuli.

Sheria ya Kampuni ya zamani, Sura ya 486, ilitaka kampuni binafsi iwe na wanachama wasiopungua wawili. Mwenye mtaji alikuwa mmoja. Wa pili alitafutwa. Kama mke hakutaka kusikia habari za forodha na ndugu walikuwa wakigombania shamba, liliandikwa jina la karani anayeaminika. Akapewa hisa moja, akaitwa mkurugenzi, kisha akaendelea kulipwa mwisho wa mwezi na kugombezwa akichelewa. Mambo yakaenda. Kadi zilichapishwa, na kwao Amagoro au Funyula wazee wakaanza kumsogezea kiti.

Mikataba ya namna hii haikujaribiwa mpaka kazi yenyewe ilipopungua. Kwanza ulikuja mfumo wa Simba mwaka 2005, karatasi zikahamia kwenye kompyuta. Kisha mwaka 2014 likaanza Eneo Moja la Forodha, na ushuru wa mzigo wa Uganda ukawa unamalizwa kabla lori halijatoka Mombasa. Februari 2018 Rais Kenyatta na Rais Museveni wakazindua kituo cha pamoja cha Busia, maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Wenye mizigo walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini ofisi iliyokuwa na makarani wanane sasa ilihitaji wawili, na matajiri wakaanza kupiga hesabu.

Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema mwajiri anayepunguza watu kwa sababu kazi imekwisha atoe notisi ya mwezi, amjulishe afisa wa kazi, na alipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mtu aliotumikia. Kwa karani wa miaka kumi na minane hizo si pesa za chai. Ndipo ile hisa moja ikakumbukwa. Barua zikaanza kuandikwa: wewe hukuwa mwajiriwa, ulikuwa mkurugenzi, yaani mmoja wa wenye kampuni, kwa hiyo huna cha kudai.

Wakati huo nilikuwa nimehamia Busia, karani katika ofisi ya wakili si mbali na mahakama, na huko ndiko nilikostaafia. Kuandika maelezo ya wateja ilikuwa kazi yangu, na wakili alinifundisha nisianze na cheo cha mtu. Cheo mpakani ni rahisi. Nimekutana na mkurugenzi aliyelipwa shilingi elfu 35, tena kwa mafungu. Niliuliza: ukiumwa ulimwomba nani ruhusa? Nani alipanga mshahara wako? Je, ungeweza kumwajiri mtu, au kumfukuza? Benki ilikubali saini yako peke yake? Mwaka wenye faida ulipata gawio, au ulipata mkono wa Krismasi? Majibu ya maswali hayo ndiyo hupima nani yuko chini ya nani. Sheria ya Ajira humtambua mwajiriwa kuwa mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara. Ukurugenzi peke yake haumtoi hapo, wala haumwingizi.

Mama mmoja wa Malaba alikuja na mfuko wa nailoni. Kadi yake ilisomeka Mkurugenzi wa Shughuli. Alikuwa amefutwa kazi kwa ujumbe wa WhatsApp, maneno machache, bila sababu. Kampuni ikajibu dai letu kwa kutoa CR12, ile hati ya msajili inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, na jina lake lilikuwamo kweli, hisa moja kati ya elfu moja. Wakili wa upande wa pili aliiweka mezani kama mtu anayeshusha turufu.

Nikatoa vitu vya mfuko ule kimoja kimoja. Fomu za P9 za kodi ya mshahara, mwaka baada ya mwaka, kampuni ikijiandika yenyewe kuwa mwajiri. Makato ya NSSF. Kisha fomu ya likizo, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imekuwa myeupe. Ameomba siku saba akamzike shangazi yake. Chini, kwa kalamu nyekundu, bosi ameandika: "Imekataliwa. Malori ni mengi. Nenda Jumamosi urudi Jumapili." Wakili wangu aliisoma mara mbili, akanirudishia bila neno, nami nikaipiga kopi kabla ya kitu kingine chochote. Mwenye kampuni haombi likizo kwa mwenye kampuni mwenzake akanyimwa kwa wino mwekundu.

Na hata angekuwa na nusu ya hisa zote, bado kulikuwa na hoja. Wakili alipenda kutaja kesi ya Geoffrey Lee, rubani wa New Zealand aliyefungua kampuni ya kunyunyizia mashamba kwa ndege. Kati ya hisa 3,000, zake zilikuwa 2,999. Alikuwa mkurugenzi mkuu na rubani pia. Ndege ikaanguka mwaka 1956, akafa, mjane akadai fidia ya mfanyakazi. Mahakama ya kule ikakataa: mtu hawezi kujiajiri. Rufaa ilipofika Baraza la Faragha mjini London ikapinduliwa, kwa kuwa kampuni ni mtu wa peke yake kisheria, na inaweza kumwajiri hata anayeimiliki.

Lakini sikuwa na huruma kwa kila mkurugenzi. Yupo mzee mmoja wa Busia aliyejipangia mshahara, akachukua gawio, na hakuna hundi iliyotoka bila mkono wake. Wenzake walipochoka naye wakaitisha mkutano wa wenye hisa, wakamwondoa kwa kura. Akaja kwetu anataka mshahara wa miezi 12, ambao ndio upeo wa fidia chini ya kifungu cha 49 kwa aliyeachishwa kazi isivyo haki. Hakuwa na barua ya ajira wala P9, na katika maisha yake ya kampuni hakuwahi kupokea amri ya mtu. Nilimwambia, "Mzee, hii ni kesi ya kampuni, si ya ajira." Akanuna, akaenda kutafuta wakili Kisumu.

Wengi hawakuelewa kwamba hizo ni njia mbili na kila moja ina mlango wake. Mkurugenzi huondolewa na wenye hisa chini ya kifungu cha 139 cha Sheria ya Kampuni ya 2015, kwa notisi maalumu, naye ana haki ya kujitetea. Mwajiriwa anayetuhumiwa utovu wa nidhamu au uzembe hupewa sababu na kusikilizwa chini ya kifungu cha 41, akiwa na mwenzake wa kazini akitaka. Kumvua mtu ukurugenzi hakumfuti kazi, na kumfuta kazi hakulitoi jina lake kwa msajili. Anayevaa kofia zote mbili anahitaji taratibu zote mbili, na mabosi wetu walikuwa hawafuati hata moja.

Ya mama yule yaliishia kwenye korido. Tulikuwa ndani ya miaka mitatu ya kufungua dai, na kwa kuwa tangu 2018 mahakimu walipewa kesi za ajira za watu wenye mshahara usiozidi shilingi 80,000, hatukulazimika kumsafirisha hadi mahakama ya ajira ya Kisumu. Asubuhi ya kusikilizwa, upande wa pili uliomba tuzungumze. Notisi ililipwa, miaka ililipwa, na fidia ya miezi kadhaa ikaongezwa. Kilichochelewa ni jina. Miezi mingi baada ya pesa kuingia benki, CR12 ilikuwa bado inamtaja, na barua za deni la ushuru la kampuni zikaendelea kumfuata mpaka kwake Amagoro. Ilibidi wakili aandike tena, mara hii kwa msajili.

Siku hizi ana kampuni yake hapo hapo Malaba. Makarani wake wote wana mikataba ya maandishi, na hakuna aliyepewa hisa wala kadi ya ukurugenzi. Likizo, naambiwa na mmoja wao, bado ni shida.