Albamu Nzima, Upande A Hadi B

Sisi wapenzi wa vitabu tunaheshimu mpangilio. Hakuna anayeanza riwaya ya Shaaban Robert sura ya saba, akarudi ya pili, akaacha ya mwisho, halafu akatamba kwamba ameisoma. Lakini kwenye muziki tumelegea. Mtu anasikia nyimbo mbili za albamu ya mwaka 2001 kwenye simu, anasema, "Hiyo naijua." Hapana, hujaijua bado. Leo nipeni nafasi nizitetee albamu za bongofleva za mwishoni mwa miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, nizitetee kama ambavyo ningetetea kitabu.

Miaka hiyohiyo wenzetu wa Ulaya na Marekani walikuwa na albamu zao za roki. *OK Computer* ya Radiohead ilitoka 1997, *Hybrid Theory* ya Linkin Park ikatoka 2000, na mpaka leo watu wazima wanazijadili wimbo kwa wimbo. Roki kwa lugha yao ni mwamba. Kwetu mwamba ulikuwa wa kweli, ulipasuliwa kwa nyundo ukapelekwa kwenye karasha, na muziki uliokuwa ukisikika pembeni ya hilo karasha ulikuwa rap ya Kiswahili.

Mimi ni mtoto wa Kahama. Enzi hizo Kahama ilikuwa wilaya ya Shinyanga, na Geita bado iko Mwanza; mkoa wa Geita ulikuja 2012. Kwa miaka michache tu ukanda wetu uligeuka. Mgodi wa Golden Pride kule Nzega ulianza 1998, Geita ukafunguliwa 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001. Migodi mikubwa ilikuwa na uzio na magari yake. Nje ya uzio kulikuwa na wana-apolo, vijana wa maduara, na mmoja wao alikuwa kaka yangu. Aliacha shule kidato cha pili akafuata rashi upande wa Nyarugusu.

Kaka alikuwa akirudi nyumbani Krismasi, na hakuwahi kurudi na dhahabu. Alirudi na redio kaseti na mfuko wa rambo uliojaa kanda. Mle ndani nilikutana na *Niite Mr. II* ya 1998, albamu yenye "Hali Halisi". Nilikutana na *Funga Kazi* ya Hard Blasters ya mwaka 2000, kisha *Machozi, Jasho na Damu* ya Professor Jay ya 2001, iliyopikwa kwa P-Funk pale Bongo Records. Kulikuwa na *Nini Chanzo* ya Juma Nature wa Temeke. Na kulikuwa na *Machozi* ya Lady Jaydee, ambayo kwetu ilikuwa na uzito wa pekee kwa sababu dada huyo alizaliwa Shinyanga. Mama hakujua kitu kuhusu R&B, lakini aliposikia hilo akasema, "Basi huyo ni wa kwetu, ongeza sauti."

Kwa nini tulizisikiliza nzima? Sababu ya kwanza ni betri. Kupeleka kanda mbele kunakula moto, na betri zikichoka ilikuwa ni kuzianika juani kama mihogo, uombe zipate uhai wa nusu saa. Kwa hiyo huruki wimbo. Ule usioupenda unaupitia kama unavyopitia kijiji usichokijua ukienda mjini. Baada ya mara ya kumi unagundua umeanza kuupenda, au walau umeelewa umewekwa pale kwa nini. Kurudisha kanda nyuma tulitumia kalamu ya Bic, na hiyo kazi inachosha mkono, hivyo upande A ukiisha unageuza tu B.

Kulikuwa pia na vibanda vya kudabu. Unapeleka kanda tupu, unarudi jioni unachukua albamu. Ubaya wake, kanda ikiwa fupi kuliko albamu, wimbo wa mwisho unakatwa katikati. Kaka alichukia sana hilo. Alikuwa tayari kulala njaa anunue kanda halisi, yenye karatasi yake ya picha, kwa sababu alitaka kusikia inavyoishia. Mimi namhesabu kuwa msomaji wa kwanza makini niliyemfahamu, ingawa sijawahi kumwona na kitabu mkononi.

Sasa sikilizeni *Machozi, Jasho na Damu* kwa jicho hilo. Wengi wanaikumbuka kwa "Ndiyo Mzee", ule wimbo wa mgombea anayeahidi mambo ambayo hata mtoto anajua hayawezekani, na umati unaitikia tu. Ukiusikiliza peke yake ni kichekesho kizuri. Ukiusikiliza ndani ya albamu, ukiwa umezungukwa na nyimbo za dhiki za kijana wa kawaida, kicheko kinapungua. Unaanza kuwauliza wale wanaoitikia: mmechoka kiasi gani mpaka mnakubali kila kitu? Sisi tuliusikia tukitoka kwenye uchaguzi wa 2000, huku magari ya migodi yakitupita barabarani. Hatukuhitaji mtu wa kutufafanulia.

Mama ndiye aliyenipa uhakiki bora zaidi wa muziki ule. Alikuwa ameona mashindano ya Bagika na Bagalu, vikundi viwili vya ngoma za Kisukuma vinavyocheza siku moja, uwanja mmoja, kila kimoja kikivuta watu kwa nyimbo na vijembe. Kaka alipomwekea mistari ya majigambo ya hawa vijana wa Dar, mama aliendelea kupepeta mchele, kisha akasema, "Hii siyo mpya. Huyu anamtafuta mwenzake." Ni kweli kabisa. Watu walipokuwa wakiandika kwamba vijana wanaiga Marekani, yeye alishasikia kilicho cha zamani ndani yake.

Kaka sasa hasemi sana. Alimalizia miaka yake ya mgodini kwenye karasha, na vumbi la mawe limemkaa kifuani. Akisema sentensi tatu lazima apumzike. Mwaka jana mwanae, aliyezaliwa kanda zikiwa zimeshaanza kupotea madukani, alimwambia anataka kusikia albamu ambayo baba anaitaja kila siku. Kanda yenyewe ipo, lakini utepe umeshikana na upande B hautembei tena. Tukaingia mtandaoni. Nyimbo tulizipata mojamoja, kila moja imewekwa na mtu wake, nyingine na picha ya albamu nyingine kabisa.

Kijana akazipanga kwa zile zilizotazamwa zaidi. Kaka akatikisa kichwa. Akaomba daftari likae karibu, akaanza kuutaja mpangilio, wimbo mmoja, anapumzika, wimbo mwingine, anapumzika. Ilichukua karibu jioni nzima. Katikati ya upande B alisimama, akavuma mdundo wa wimbo ambao jina lake limempotea, akatuonyesha kwa mkono kwamba uko pale, baada ya huu na kabla ya ule. Hatujaupata mpaka leo. Mwanae ameacha mstari mtupu kwenye daftari, na kwenye simu anasikiliza mpaka hapo, anasubiri kidogo, ndipo anaendelea.

Ndugu wasomaji, riwaya ikipotea tunaweza kukuta nakala maktaba fulani. Nani anatunza albamu hizi? Wasanii wake wawili waliingia hadi bungeni, Mr. II, yaani Sugu, mwaka 2010 na Professor Jay 2015, lakini kazi zao za ujana zimebaki kwenye kumbukumbu za watu kama kaka, na kumbukumbu hizo zinapumua kwa shida. Kama una kanda kwenye sanduku la mjomba au kabati la shangazi, usianze kuicheza, utepe wa zamani unakatika. Kwanza piga picha ile karatasi ya ndani. Andika nyimbo kwa mpangilio wake, upande A na upande B, na jina la aliyezirekodi. Ukikutana na albamu ya upande B wenye wimbo unaoanza kwa mdundo mzito na sauti ya watu wengi wakiitikia kwa mbali, tafadhali niandikie. Kuna mstari kwenye daftari unausubiri, na tungependa kaka aujaze yeye mwenyewe.