Kujitoa na Kuvunjika

Kabla hujasoma habari yoyote ya siasa za kanda, ningependa utenganishe vitenzi viwili. Mwanachama hujitoa, jumuiya huvunjika. Katika kujitoa, kiambishi -ji- kinatuonyesha kwamba mtenda ameamua mwenyewe. Kuvunjika kuko katika kauli ya kutendeka, nayo haimtaji mtenda. Nafundisha lugha hii Bujumbura, mji wa bandari usio na bahari, na hapa tofauti hiyo ya sarufi huonekana hata katika bei za sokoni.

Tazama bidhaa zilizopangwa katika soko la Ruvumera, kule Buyenzi. Nyingi kati ya zile zitokazo ng'ambo zimeshushwa Dar es Salaam, kisha zikaja kwa lori kupitia mpaka wa Kobero, au zikafika Kigoma na kuvushwa ziwani. Kila kizuizi njiani huongeza gharama, na gharama hiyo humwangukia mnunuzi. Ndiyo maana Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, haikutafuta heshima tu, ilitafuta njia.

Njia kama hiyo iliwahi kufungwa. Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa na Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 1967, ilikuwa na mashirika ya pamoja ya ndege, reli, bandari, posta na simu. Mwaka 1977 ikavunjika. Hata leo watu husema "ilivunjika", kana kwamba hakuna aliyeivunja. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Kwa kuwa mashirika yale yalikuwa na mikopo ya Benki ya Dunia, ugomvi wa majirani uligeuka kuwa shughuli ya dunia. Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alisimamia mazungumzo ya kugawana mali na madeni, na makubaliano yakatiwa saini mwaka 1984. Miaka saba ilipita katika kugawana kilichojengwa kwa miaka kumi.

Hapo ndipo kujitoa kwa nchi moja kunapogusa maendeleo ya wengine. Anayekopesha fedha za kujenga reli au barabara hutaka kujua itafika wapi, na mwenye kiwanda hupima ukubwa wa soko. Mwezi Januari 2025, Mali, Burkina Faso na Niger, nchi tatu zisizo na pwani kama yetu, zilijitoa rasmi katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Afrika Magharibi. Karibu nasi zaidi, Rwanda ilijitoa katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Afrika ya Kati mwaka 2007, ikarudi baadaye, na mwezi Juni 2025 ikatangaza tena kujitoa. Kila safari ya kutoka na kurudi huwaachia wafanyabiashara swali moja: kanuni za leo zitakuwapo kesho?

Usidhani, hata hivyo, kwamba uanachama peke yake hufungua milango. Mwezi Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda, ingawa nchi zote mbili zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hakuna aliyejitoa. Lakini kwa mchuuzi aliyezoea kuvuka na kikapu chake, mkataba uliobaki kabatini haukumsaidia kuuza. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Mkataba wenyewe umeweka masharti ya kutoka. Ibara ya 145 inataka azimio la bunge la nchi husika, liungwe mkono na angalau theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura. Kisha notisi ya maandishi ya miezi kumi na miwili, ambayo nchi inaweza kuifuta kabla muda haujaisha. Maana yake ni kwamba mwananchi ana mwaka mzima wa kuuliza, na ana mbunge wa kumuuliza.

Basi utakapokutana na maneno haya gazetini, usiishie kwenye kamusi. Ukisoma "imejitoa", uliza ni nani aliyeamua kwa niaba ya nchi. Ukisoma "imevunjika", mtafute mtenda ambaye sarufi imemficha. Na katika hali zote mbili, uliza ni nani atakayelipa.